Sura ya Tano: Fundi, Mvumbuzi na Chumba cha Darini

Katika karakana za Tarime mjini, Sirari na Mugumu, mkoani Mara, kuna swali lisilochoka kuulizwa. Kijana ametoa injini ya dizeli kwenye mashine mbovu ya kusaga, akaifunga kwenye pipa la chuma lenye gololi nzito ndani yake, akapata karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Wachimbaji wadogo wanamletea mawe kwa magunia, naye anaitwa fundi. Mtu wa Ulaya aliyefanya jambo la namna hiyo miaka 250 iliyopita anaitwa mvumbuzi, amewekewa sanamu, na jina lake watoto wanalikariri shuleni. Tofauti yao ni nini hasa?

Wapo wanaojibu kwa neno moja: elimu. Wengine wanasema fedha. Wengine wanaamini mvumbuzi huzaliwa na kichwa cha aina yake. Majibu hayo yote yanaweza kupimwa kwa kukitazama chumba kimoja kidogo, ambamo mvumbuzi mmoja mkubwa alifanyia kazi mpaka uzeeni, na ambacho hakikupanguliwa alipofariki. Chumba hicho ni karakana ya nyumbani ya James Watt.

Chumba kilichohamishwa na sakafu yake

James Watt alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1736. Yeye ndiye aliyeifanya mashine ya mvuke, yaani mashine inayoendeshwa kwa nguvu ya maji yaliyochemshwa, iwe na faida kwa mwenye mgodi na mwenye kiwanda. Alipokwisha kupata mali alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Heathfield, huko Handsworth, karibu na mji wa Birmingham nchini Uingereza, akahamia mwaka 1790. Vyumba vya wageni vilikuwa chini. Kazi aliifanyia juu kabisa, darini, chini ya paa.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1819, akiwa na miaka 83. Mlango wa dari ukafungwa. Kwa miongo mingi walioruhusiwa kuingia walikuwa wachache, wakiwemo waandishi wa habari za maisha yake, na mmoja wao alieleza kwamba majivu yalikuwa bado mekoni na kikaango kikining'inia kwenye msumari wake. Mwaka 1924 familia ilivikabidhi vitu hivyo kwa Makumbusho ya Sayansi ya London. Nyumba yenyewe ilibomolewa mwaka 1927.

Wahifadhi hawakuchagua vinavyong'aa wakaacha vingine. Walibeba mlango, dirisha, mbao za sakafu na vitu zaidi ya 8,000 vilivyokuwamo, wakavipanga upya kama vilivyokuwa. Tangu mwaka 2011 chumba hicho kimewekwa mahali ambapo kila anayeingia kwenye jengo anaweza kukiona.

Chini ya dirisha ipo mashine ya kukereza, ile inayozungusha kipande cha mbao au chuma ili kichongwe kiwe duara. Watt aliiendesha kwa kukanyaga. Zipo tupa, patasi, koleo, keekee na vipande vya vyuma visivyokamilika. Rafu zimejaa chupa na vifurushi vya kemikali, mawe, michongo ya plasta, na sehemu za filimbi, kwa kuwa ujanani Watt aliwahi kuishi kwa kutengeneza na kukarabati ala za muziki. Anayetoka nchi ya mafundi wa iritungu, ala ya nyuzi nane ya Wakuria, hatashangaa kwamba mkono uliojifunza kutoboa filimbi ulikuja kuunda mashine ya mvuke. Na kila droo imejaa vile vitu ambavyo fundi yeyote hukataa kuvitupa, kwa kuwa ipo siku vitafaa.

Alianza kwa kukarabati

Jibu la elimu ndilo linaloyumba kwanza. Watt hakusoma chuo kikuu. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara, na kijana alizoea zana tangu udogoni. Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza kutengeneza vipimo, kama vile vifaa vya mabaharia na wapima ardhi, akakaa huko kiasi cha mwaka mmoja. Mwaka 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha kufanyia kazi. Kwa lugha ya leo, alikuwa fundi wa vifaa vya maabara.

Katika majira ya baridi ya 1763 na 1764 aliletewa kifaa kibovu: mfano mdogo wa mashine ya Newcomen, uliotumiwa kufundishia. Thomas Newcomen, mfua chuma na muuzaji wa zana, alikuwa amesimamisha mashine yake ya kwanza mwaka 1712 ili kuvuta maji yaliyojaa migodini.

Wachimbaji wa Nyamongo hawahitaji kuelezwa tatizo hilo. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likienda chini sana maji hutoka kwenye kuta, na bila pampu kazi inasimama hata kama jiwe lenye dhahabu linaonekana kwa macho. Katika mgodi mkubwa wa North Mara, wenye mashimo ya Nyabirama na Gokona, kuyatoa maji ni sehemu ya kazi ya kila siku. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na taabu hiyohiyo, na mashine ya Newcomen ilizaliwa ndani yake.

Mashine ya Newcomen ilifanya kazi hivi. Mvuke uliingia kwenye silinda, yaani bomba pana la chuma lenye pistoni, kizibo kinachopanda na kushuka. Kisha maji baridi yalinyunyizwa ndani ya silinda. Mvuke ukageuka maji, ikabaki nafasi tupu isiyo na hewa, nayo hewa ya nje ikaikandamiza pistoni chini. Pistoni ikisukumwa chini, upande wa pili pampu inapanda na maji.

Watt aliurekebisha ule mfano, lakini ukawa unasimama baada ya mapigo machache kwa kuishiwa mvuke. Fundi mwingine angepokea malipo yake na kuurudisha. Yeye alianza kupima: maji kiasi gani yanachemka, mvuke kiasi gani unaingia, joto linakwenda wapi. Akagundua kwamba sehemu kubwa ya mvuke ilitumika kuipasha moto upya silinda iliyokwisha kupozwa. Ilikuwa kama mpishi wa msibani anayelimwagia maji jiko baada ya kila sufuria ya ugali, kisha analiwasha tena kwa kuni mpya.

Mwezi Mei 1765, siku ya Jumapili, akitembea kwenye uwanja wa Glasgow Green, likamjia wazo: mvuke upozwe katika chombo kingine cha pembeni, kilichounganishwa kwa bomba, ili silinda ibaki na moto wake na chombo hicho kibaki na ubaridi wake. Kujaribu wazo hilo hakusubiri mfadhili. Alichukua bomba la shaba la kupigia sindano, kifaa cha matabibu chenye urefu wa inchi 10 hivi, akalifanya silinda. Likafanya kazi.

Kwa kifupi: Watt alifika kwenye uvumbuzi kupitia kazi ya ukarabati, kwa kukataa kuiachia hitilafu ambayo wengine waliizoea.

Miaka 11 ya kuhangaika

Hapa ndipo masimulizi mengi ya wavumbuzi hudanganya. Husimulia wazo, kisha yanaruka hadi kwenye utajiri. Kati ya lile bomba la shaba na mashine ya kwanza kuuzwa na kufanya kazi ilipita miaka 11.

Mwaka 1769 alipata hataza, yaani haki ya kisheria inayomzuia mtu mwingine kuiga ubunifu wa mwenzake kwa muda maalumu. Tanzania Bara haki hiyo husajiliwa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Lakini mashine kubwa ya majaribio ilivuja. Mafundi wa siku hizo hawakuweza kutoboa silinda iliyo duara sawasawa toka juu hadi chini, na mvuke ulipita kando ya pistoni. Watt alijaribu kuziba kwa kila alichokipata. Mfadhili wake wa kwanza, John Roebuck, akafilisika. Mke wa Watt, Margaret, alifariki mwaka 1773. Muda wote huo alikula kwa kupima njia za mifereji ya mashua, kazi iliyomweka mbali na mashine yake.

Waliomtoa hapo ni watu wawili. Matthew Boulton, mwenye kiwanda kikubwa cha vyuma Birmingham, alichukua sehemu ya Roebuck katika hataza na kuwa mshirika wa Watt mwaka 1775. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilirefusha hataza hadi 1800. Wa pili ni John Wilkinson, mfua chuma aliyekuwa amepata namna ya kutoboa mizinga kwa usahihi mkubwa. Aliitoboa silinda ya Watt kwa namna hiyo, na uvujaji uliomsumbua mwenzake kwa miaka ukapungua kabisa. Mwaka 1776 mashine za kwanza zilianza kazi.

Kwa hiyo wanaosema fedha wana sehemu ya haki, na isifichwe. Bila Boulton, ile karakana ya darini isingekuwepo. Hata hivyo fedha za Roebuck zilikuwepo kabla na hazikuziba silinda. Iliyoziba ni ustadi wa Wilkinson. Jibu la kichwa cha aina yake nalo linayumba: sehemu nyingine za mashine Watt alizichukua kwa wengine. Mfanyakazi wake William Murdoch anatajwa kuwa ndiye aliyebuni meno ya magurudumu yaliyoigeuza mashine ya kupanda na kushuka ikawa ya kuzunguka, wakati ambapo njia rahisi zaidi ilikuwa imeshikwa na hataza ya mtu mwingine. Hata gavana, kile kifaa chenye vichwa viwili vinavyozunguka na kutanuka ili injini isikimbie kupita kiasi, kilikuwa kimetumika kwenye vinu vya upepo kabla Watt hajakiweka kwenye mashine ya mvuke mwaka 1788. Fundi wa Serengeti anayerekebisha gavana kwenye injini ya mashine ya kusaga mahindi anashika kazi ambayo imepita mikono mingi.

Hosi pawa, wati na Ziwa Victoria

Mnunuzi wa pampu Tarime huulizwa dukani: unataka ya hosi pawa ngapi? Kipimo hicho ni cha Watt. Wenye viwanda vya bia na vinu walizoea kuzungushiwa mitambo na farasi, nao walitaka kujua mashine moja ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Watt akaweka kiwango cha nguvu ya farasi mmoja, ambacho kwa hesabu za leo ni wati 746 hivi. Pampu ya hosi pawa 5 basi ni kama wati 3,730. Wati yenyewe ilipewa jina lake na wanasayansi baada ya kifo chake. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, lina uwezo wa megawati 2,115: jina la mtoto wa Butiama kwenye bwawa, jina la fundi wa Greenock kwenye kipimo.

Kwa wenye migodi, Boulton na Watt waliuza kwa namna ya pekee. Mteja alilipa theluthi moja ya thamani ya makaa ya mawe aliyookoa kwa kuacha mashine ya Newcomen. Mkataba wa namna hiyo unadai mtu aliye na uhakika na kazi yake.

Upo upande mwingine, na msomaji wa Afrika ana haki ya kuambiwa. Kampuni ya Boulton na Watt iliuza mashine pia kwa mashamba ya miwa ya Karibiani, yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Karne moja baadaye mvuke uliwasili Ziwa Victoria kwa meli za reli ya Uganda, zikiwemo Usoga na Rusinga, zilizobeba abiria na mizigo katika bandari za ziwa, Musoma ikiwa mojawapo, na kuyapeleka mazao ya bara kwenye soko la mkoloni. Ubunifu uliotoka kwenye chumba cha fundi ulitumika na kila aliyeweza kuulipia.

Mzee mwenye kikaango

Watt alistaafu mwaka 1800, akiwa tajiri na maarufu. Angeweza kupumzika. Badala yake alipanda darini, akaendelea kwa takribani miaka 19.

Vitu vikubwa kuliko vyote ndani ya chumba ni mashine mbili za kunakili sanamu. Fimbo yenye ncha butu inapapasa sura ya sanamu halisi, kila tundu na kila mkunjo. Upande wa pili keekee inayozunguka inafuata mwendo uleule na kuchonga kipande kingine cha jiwe au plasta. Moja inatoa nakala ya ukubwa uleule, nyingine inatoa nakala ndogo. Alizifanyia kazi mpaka miaka yake ya mwisho, na rafiki zake aliwapelekea nakala akijitambulisha kama msanii kijana anayeingia mwaka wake wa 83. Hazikumwingizia fedha. Hazikukamilika.

Chumbani kuna sanduku. Ni la mwanawe Gregory, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1804 akiwa na miaka 27. Ndani yake baba aliweka daftari na kazi za shule za kijana huyo, akalihifadhi pale anapofanyia kazi. Hakuna sanamu ya Watt inayomweleza kama sanduku hilo linavyomweleza.

Nacho kikaango kina maelezo yake. Mke wake wa pili, Ann, hakupenda uchafu wa karakana uingie vyumbani. Watt alikuwa na jiko lake dogo darini, akajipikia ili asilazimike kubadili nguo na kushuka kula.

Kwa kifupi: chumba kinamwonyesha mvumbuzi kama fundi mpaka siku zake za mwisho, mwenye majaribio yaliyofeli, kazi zilizobaki njiani na msiba aliouweka karibu yake. Vitabu vya shule vinaonyesha mashine tu.

Maarifa yaliyotunzwa vichwani

Je, huku kwetu hakukuwa na karakana za kuhifadhi? Zilikuwepo. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Buhaya, nchi ya Wahaya, ushahidi wa kuyeyusha chuma una umri wa zaidi ya miaka 1,500. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt, mtu anayechunguza maisha ya kale kwa kuchimbua mabaki, aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge upya tanuri lao. Kazi hiyo ilikwisha kuachwa miongo mingi, vyuma vya Ulaya vilipojaa madukani. Wazee walijenga kwa kukumbuka: udongo wa kichuguu, mkaa, mivukuto na mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, kiasi kwamba hewa ilipata moto kabla ya kukutana na mkaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 na Schmidt pamoja na mhandisi Donald Avery, nao wasomi wa dunia wakalazimika kufikiri upya kuhusu teknolojia ya Afrika.

Maarifa hayo yaliokoka kwa sababu wazee walikuwa hai na mtu aliwauliza. Wangezikwa kabla ya swali, yangekwenda nao. Mkoa wa Mara pia ulikuwa na koo za wahunzi, zilizofua mikuki, mashoka na majembe na kuheshimiwa na kuogopwa kwa kazi hiyo. Mafuawe yao yalikuwa mawe, na jiwe likihamishwa hakuna anayelitambua tena.

Mkoa huu unajua kuhifadhi ukiamua. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere ya Butiama yalifunguliwa mwaka 1999, na huko mgeni huona vitu vya mtu mmoja vikisimulia maisha yake. Mafundi hawajapewa heshima hiyo, na hilo ni kosa. Plau za kukokotwa na ng'ombe ambazo Wakuria wanalimia zimerekebishwa na kuongezwa vipuri na mafundi wa vijijini kwa miaka mingi. Mwenye kuzitengeneza akifa, watoto humwita mnunuzi wa chuma chakavu, mzani unaning'inizwa mlangoni, na kazi ya miaka 40 inauzwa kwa kilo kabla arobaini haijafika.

Hapo ndipo tofauti ya fundi na mvumbuzi inapokaa kwa sehemu kubwa. Watt alikuwa na barua zake, hataza yake, vipimo vyake na chumba chake, vyote vikatunzwa. Fundi wa Tarime amebuni na hajaandika. Akiulizwa alijaribu nini kabla ya karasha la sasa, ataeleza kwa nusu saa: pipa la kwanza lilipasuka, gololi zilikuwa nyepesi, mkanda uliteleza. Maelezo hayo ndiyo uvumbuzi wenyewe, na hayako popote ila kichwani mwake.

La kufanya kabla ya mnada

Familia yenye fundi mzee, au karakana yenye mtu aliyebuni kitu kinachotumika, inaweza kuanza bila mfadhili:

- Piga picha chumba kizima kabla ya kugusa chochote, kisha kila zana ilipo.
- Mrekodi mzee kwa simu akieleza vitu vilivyoshindikana. Vilivyofaulu vinajieleza vyenyewe.
- Tunza daftari la mahesabu, michoro ya chaki iliyopigwa picha, na vipande vya majaribio hata vikiwa vibovu.
- Kama ubunifu ni mpya na unafanya kazi, uliza BRELA kuhusu hataza kabla ya kuutangaza, na uliza ofisi ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kuhusu kuuendeleza.
- Ona afisa utamaduni wa halmashauri kabla ya kuuza zana za marehemu.

Halmashauri za Tarime na Serengeti nazo zina wajibu. Chumba kimoja tu katika chuo cha ufundi au maktaba, chenye benchi, jiliwa na zana za fundi mmoja wa wilaya zikiwa zimepangwa kama alivyoziacha, hakihitaji bajeti ya London. Kinahitaji mtu wa kusema mapema kwamba zana hizi haziuzwi. Kama nyumbani kwako yupo fundi wa namna hiyo na bado yu hai, nenda kamuulize leo, na umwombe aanze na pipa lililopasuka.